Utafiti Ulioingia Zahanati: Historia ya Watafiti na Wahudumu wa Afya katika Ukanda wa Dhahabu

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera, magharibi ya Ziwa Victoria. Kabla ya muongo huo kwisha, ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika upande wa pili wa ziwa. Ulifuata njia za riziki: mitumbwi ya samaki, malori ya pamba, vituo vya barabarani ambako madereva hulala, na machimbo.

Geita ya wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Mkoa wake ulizaliwa mwaka 2012. Mgodi wa zamani wa Geita, ulioanza katika miaka ya 1930 chini ya Waingereza, ulikuwa umefungwa tangu 1966. Dhahabu ilibaki ardhini. Masharti ya biashara ya madini yalipolegezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo walimiminika Geita na Kahama, na nyuma yao wakaja mama lishe, wauza pombe, wenye gesti na wafanyabiashara wa mitumba. Kijiji kilichokuwa na nyumba ishirini kiligeuka mji wa mabati na maturubai ndani ya msimu mmoja.

Mjini Mwanza kulikuwa na kituo cha utafiti ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1949, kilipoanzishwa kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa wa matende. Baada ya Bunge kupitisha sheria ya mwaka 1979 iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kituo hicho kikawa tawi lake. Mwaka 1990 na 1991 watafiti walipima damu za watu wazima katika mkoa mzima wa Mwanza. Walikuta virusi vya UKIMWI (VVU) kwa asilimia 11.8 ya watu wa mjini Mwanza, asilimia 7.3 ya wakazi wa vituo vya barabarani, na asilimia 2.5 ya wanavijiji. Takwimu hizo zilikuwa na tishio na nafasi kwa wakati mmoja. Vijijini, walikoishi watu wengi zaidi, maambukizi yalikuwa bado machache. Kama kuna jambo la kufanya, lilitakiwa lifanywe upesi.

Swali lilikuwa ni jambo gani. Dawa za kufubaza virusi hazikuwapo. Chanjo haikuwapo. Lakini madaktari wa Afrika Mashariki walikuwa wameona kwa muda kwamba mtu mwenye kisonono, kaswende au pangusa hupata VVU kwa urahisi zaidi, na mwenye VVU akiwa na magonjwa hayo huambukiza zaidi. Je, kutibu magonjwa ya zinaa vizuri kungepunguza maambukizi mapya ya UKIMWI? Hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo kokote duniani.

Jozi sita za jamii

NIMR, shirika la AMREF na Chuo cha Afya na Tiba za Kitropiki cha London waliungana kulijibu swali hilo, wakishirikiana na Wizara ya Afya na uongozi wa afya wa mkoa. Daktari Mjerumani Heiner Grosskurth aliongoza kazi ya uwanjani; pamoja naye walikuwapo Frank Mosha, John Changalucha, Kesheni Senkoro na wenzao wa Tanzania, na huko London akina Richard Hayes na David Mabey. Walichagua jamii 12, kila moja ikiwa ni eneo linalohudumiwa na kituo cha afya pamoja na zahanati zake, wakazipanga katika jozi sita zinazofanana: za visiwani na visiwani, za barabarani na barabarani, za ndani vijijini na wenzao. Katika kila jozi, kura iliamua ni jamii ipi itaanza kupata huduma mpya na ipi itasubiri.

Uamuzi mkubwa wa mradi ule ulihusu mtoa tiba. Ingekuwa rahisi kupeleka magari yenye wataalamu na maabara, kutibu watu, kisha kuondoka. Waandaaji wakaamua huduma itolewe na watumishi wa serikali waliokuwapo tayari: matabibu wa vituo vya afya na waganga wasaidizi wa vijijini, wale ambao kila asubuhi hufungua mlango wa zahanati na kukuta foleni ya akina mama wenye watoto wa homa.

Kazi ilianza kwa kukubali hali ilivyo. Zahanati ya kijijini haikuwa na hadubini, wala mtu wa kuitumia. Kumwambia mgonjwa aende hospitali ya Bugando mjini Mwanza kupima ni sawa na kumwambia asitibiwe. Kwa hiyo wahudumu walifundishwa kutibu kwa dalili. Mwanamume akija analalamika kwamba anatoka usaha na kukojoa kunamuunguza, mhudumu hana haja ya kujua ni kisonono au klamidia. Anafuata mchoro wa hatua: kama usaha upo, ampe dawa za yote mawili siku hiyo hiyo. Kama ni kidonda sehemu za siri, amtibu kaswende na pangusa kwa pamoja. Kisha amweleze namna ya kujikinga, ampe kondomu, na amhimize amlete mwenzake.

Mafunzo yalichukua wiki chache, sehemu yake ikiwa mazoezi katika kliniki ya rufaa ya magonjwa ya zinaa iliyofunguliwa Mwanza. Mafunzo pekee yasingetosha, na waliopanga mradi walilijua hilo. Tatizo kubwa la zahanati za miaka ile lilikuwa dawa. Kasha la dawa la kila mwezi liliweza kwisha kabla ya mwezi wenyewe. Mradi ukahakikisha dawa za magonjwa ya zinaa zinafika bila kukatika, na msimamizi anapita mara kwa mara: anakagua daftari la wagonjwa, anahesabu vidonge, anakaa na mhudumu kujadili mgonjwa aliyerudi bila kupona. Waelimishaji nao walipita vijijini kuwaambia watu kwamba tiba ipo na inafaa kuitafuta mapema, kwa sababu wengi walikuwa wanakwenda kwa waganga wa jadi au kununua vidonge viwili vitatu dukani.

Watu wazima 12,537 waliandikishwa na kupimwa mwanzoni. Miaka miwili baadaye, asilimia 71 kati yao walipatikana tena. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Agosti 1995. Katika jamii za kusubiri, asilimia 1.9 ya waliokuwa hawana virusi walikuwa wameambukizwa ndani ya miaka miwili. Katika jamii zilizopata huduma ilikuwa asilimia 1.2. Maambukizi mapya yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40. Lilikuwa jaribio la kwanza duniani la aina yake kuonyesha kwamba maambukizi ya VVU katika jamii nzima yanaweza kupunguzwa, na lilifanywa na waganga wa zahanati za Mkoa wa Mwanza.

Hesabu za gharama zilizotolewa mwaka 1997 zilionyesha kwamba kuzuia ambukizo moja kulihitaji takriban dola 218 za Marekani, na kumtibu mgonjwa mmoja takriban dola 10. Kwa wizara iliyotakiwa kuamua, hesabu hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko mijadala ya kitaalamu. Utaratibu wa kutibu kwa dalili ukawa msingi wa miongozo ya taifa ya magonjwa ya zinaa.

Rakai ikajibu vingine

Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, watafiti walilijaribu wazo lile lile kwa njia tofauti kabisa. Timu zao zilipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10 na kumpa dawa kila mtu mzima, mwenye dalili na asiye na dalili. Matokeo yalipotoka mwaka 1999, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa 1.5 kwa kila watu 100 kwa mwaka katika makundi yote mawili, lililopewa dawa hizo na lisilopewa. Tofauti haikuonekana.

Wataalamu walibishana kwa miaka. Wengi walikubaliana kwamba hali ya ugonjwa katika sehemu hizo mbili haikuwa moja: Rakai takriban asilimia 16 ya watu wazima walikuwa na virusi, Mwanza asilimia 4 hivi. Ugonjwa ukishaenea kiasi hicho, sehemu kubwa ya maambukizi haihitaji tena kisonono ili kupita. Lakini kuna tofauti nyingine ambayo mtu wa huduma za afya haiachi ipite. Rakai, mtu aliyepata usaha wiki tatu baada ya timu kuondoka angeweza kusubiri miezi kabla timu haijarudi. Mwanza, alikwenda zahanati kesho yake.

Shule, walimu na jibu lisilotakiwa

Ushindi wa 1995 uliwapa watafiti wa Mwanza ujasiri wa kugusa jambo gumu zaidi, yaani vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanzisha MEMA kwa Vijana katika wilaya za Geita, Sengerema, Misungwi na Kwimba, katika jamii 20. Wizara ya Elimu nayo ikaingia. Walimu wa kawaida wa shule za msingi walifundisha elimu ya uzazi kuanzia darasa la tano hadi la saba wakisaidiwa na waelimishaji rika. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia. Na vijana wa vijijini waliteuliwa kusambaza kondomu.

Vijana zaidi ya 9,600 walifuatiliwa. Matokeo ya mwanzo na yale ya uchunguzi wa 2007 na 2008, uliohusisha vijana 13,814, yalisema jambo moja: maarifa yaliongezeka na baadhi ya mitazamo ilibadilika, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua.

Sababu ilitafutwa mahali ambapo fomu za maswali hazifiki. Sambamba na mradi, watafiti wa sayansi ya jamii waliishi katika kaya za vijijini, wakilima na kuchota maji na wenyeji. Waliyoyaona yalipishana na majibu yaliyoandikwa kwenye fomu. Binti aliyesema hajawahi kuwa na mpenzi alikuwa anapokea sabuni, kanga au pesa ya madaftari kutoka kwa mwanamume. Somo la darasani lilikuwa la kweli, ila lilishindana na umaskini na matarajio ya wakubwa. Joyce Wamoyi wa NIMR Mwanza, mmoja wa waliofanya kazi hiyo, ameendelea kuandika juu ya mahusiano ya zawadi na pesa miongoni mwa vijana wa kanda hii.

Kuanzia mwaka 2004 halmashauri zenyewe zilichukua usukani na kueneza mpango huo katika wilaya zote nne. Hapo tathmini ilionyesha jambo linalomhusu kila mganga mkuu wa wilaya. Mpango ulifika shule nyingi, lakini ubora ulipungua. Walimu waliofunzwa walihamishwa, na michezo ya kuigiza na majadiliano, vitu vilivyohitaji muda na moyo, ndivyo vilivyoachwa kwanza. Serikali ilikuwa imekabidhiwa mradi. Fungu la kuulea lilikuwa dogo kuliko mradi wenyewe.

Nje ya uzio wa mgodi

Wakati huo Geita ilikuwa imebadilika tena. Mgodi mkubwa wa kisasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, na mwaka uliofuata ukafuata wa Bulyanhulu huko Kahama. Watu wengi waliamini kwamba UKIMWI wa machimboni ni wa wafanyakazi wa mgodi, hivyo mgodi ukiwatibu watu wake, kazi imekwisha.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliofanywa na AMREF, NIMR na wenzao wa London katika jamii zinazopakana na mgodi mpya, ulipima makundi manne ya watu takriban 200 kila moja. Wafanyakazi wa mgodini walikuwa na maambukizi ya asilimia 6. Wanaume wengine wa mjini, asilimia 16. Wanawake wa kawaida, asilimia 18. Wanawake wanaofanya kazi katika baa, gesti na vibanda vya chakula, asilimia 42.

Takwimu hizo zilikuwa na maana ya moja kwa moja kwa mtu anayepanga huduma. Mfanyakazi aliyeajiriwa alikuwa na kliniki, mshahara na semina. Mhudumu wa baa alikuwa na zamu ya usiku, mwajiri asiyempa ruhusa, na zahanati inayofungwa saa anazoamka. Kliniki za kuwafuata wanawake hawa walipo, kwa saa wanazoweza, zilitokana na uelewa huo.

Wanawake wa kazi hizo ndio walioingia katika majaribio makubwa yaliyofuata. Wanawake 821 wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania walijitolea katika jaribio la dawa ya malengelenge ya sehemu za siri, kuona kama ingewakinga na VVU. Matokeo yalitoka mwaka 2008: walioambukizwa walikuwa 27 kati ya waliopewa dawa na 28 kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Haikusaidia.

Katika jaribio jingine, la jeli ya kujikinga, timu ya Mwanza ilifanya jambo ambalo lilikuwa geni. Wahudumu wa baa, mama lishe na wauza pombe za kienyeji walichagua wawakilishi wao katika kila eneo la kazi, wakaunda kamati za kata na kamati ya jiji. Mambo yaliyowahusu, kuanzia saa za kliniki hadi uvumi juu ya matumizi ya damu wanayotolewa, yakawa na mahali pa kuzungumzwa. Jeli nayo haikufaulu. Matokeo ya jumla ya nchi nne yalitangazwa mwaka 2009. Kamati zilibaki mfano uliotajwa na watafiti wa nchi nyingine, kwa kuwa wanawake ambao jamii iliwatazama kwa jicho la pembeni walikuwa wamekaa mezani kama washauri.

Shinyanga: nauli ya kwenda kliniki

Dawa za kufubaza virusi zilipokwisha kufika kila wilaya, swali likageuka. Dawa ni za bure, kwa nini watu wanaacha? Wahudumu wa kliniki za tiba na matunzo ya UKIMWI (CTC) za Shinyanga walikuwa na jibu kabla ya utafiti wowote. Mgonjwa hana nauli. Au ana nauli, lakini akiitumia watoto watalala njaa. Na dawa zile ukizimeza tumbo likiwa tupu, zinakusumbua.

Kuanzia mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakiongozwa na Sandra McCoy, walishirikiana na Prosper Njau wa Wizara ya Afya kulipima jambo hilo katika kliniki tatu za Shinyanga. Wagonjwa 805 wenye upungufu wa chakula waligawanywa: wengine walipata ushauri wa lishe pekee, wengine ushauri na kapu la unga wa mahindi, karanga na maharage, wengine ushauri na fedha taslimu, shilingi 22,500 hivi kwa mwezi, kwa miezi isiyozidi sita, kwa sharti la kufika kliniki. Waliokuwa na dawa mkononi kwa angalau asilimia 95 ya siku walikuwa asilimia 63 katika kundi la ushauri tu, 79 kwa waliopata chakula na 85 kwa waliopata fedha. Fedha pia zilikuwa rahisi kuzifikisha kuliko magunia.

Waliporudi mwaka 2018 na wagonjwa wapya 530 katika kliniki nne, walikuwa wamejifunza kutokana na malalamiko ya kliniki zenyewe. Muuguzi mwenye foleni hawezi kuwa mhasibu. Hivyo mgonjwa aliweka kidole kwenye kifaa, mfumo ukatambua kwamba amefika, na fedha zikaingia kwenye simu yake bila mtu kuandika risiti. Kundi moja lilipata shilingi 10,000, jingine 22,500, jingine halikupata kitu. Baada ya miezi sita, waliobaki katika tiba na kufubaza virusi walikuwa asilimia 73 kwa wasiopewa fedha, 83 kwa waliopata shilingi 10,000, na 86 kwa waliopata 22,500. Kwa mpanga bajeti, tofauti ndogo kati ya 83 na 86 ndiyo habari: kiasi kidogo kilifanya karibu kazi yote.

Kundi hilo la watafiti lilikwenda pia kwenye maduka ya dawa muhimu, yale yenye muuzaji aliyepata mafunzo na kibali, ambako msichana wa Shinyanga huingia kwa urahisi kuliko hospitalini. Wasichana na wauzaji walikaa pamoja na watafiti kubuni huduma iliyoitwa Malkia Klabu. Mteja alipewa kadi ya uanachama yenye alama. Badala ya kutaja uzazi wa mpango mbele ya wateja wengine, alinyooshea kidole alama. Vipimo vya kujipima VVU vilitolewa bure. Jaribio la maduka 20 lilionyesha kwamba wasichana walikuja zaidi kwenye maduka yenye klabu na kuchukua vipimo zaidi. Alama kwenye kadi ni kitu kidogo, lakini aliyejua aibu ya kusimama kaunta ni msichana mwenyewe, na akili hiyo isingetoka chuo kikuu.

Kinachobaki

Ukizipanga kazi hizi kwa mstari mmoja, kuna fundisho linalojirudia. Mwanza ya 1991 ilifaulu kwa sababu mtumiaji wa utafiti, yaani mganga wa zahanati, alikuwa mtendaji wake tangu siku ya kwanza. Matokeo yalipotoka, hapakuwa na kazi ya kumshawishi. MEMA kwa Vijana ilionyesha upande wa pili: ushirikiano mzuri hauhakikishi jibu linalotakiwa, na mpango ukikabidhiwa halmashauri bila fungu la mafunzo na usimamizi, jina linabaki na kazi inapungua. Shinyanga ilionyesha kwamba swali bora linaweza kuwa limekaa kwenye benchi la CTC likingoja mtu wa kulipima.

Waganga wakuu wa wilaya za Shinyanga, Kahama, Geita na Nyang'hwale bado hupokea watafiti wenye vibali na barua za utambulisho. Wana haki, na wajibu, wa kuuliza mambo matatu kabla ya kumpangia mtafiti zahanati ya kufanyia kazi: swali hili lilitoka kwa nani, ni mtumishi gani wa halmashauri atakayefanya kazi hii mradi ukiisha, na katika bajeti ya mwaka upi fedha zake zimewekwa. Mtafiti asiye na majibu arudishwe akayatafute. Na mtafiti mwenye majibu hayo apewe kiti kwenye kikao cha timu ya afya ya wilaya, kisha aitwe tena kusoma matokeo yake mbele ya wale waliomsaidia kuyapata, yawe mazuri au mabaya.